Yesu ni Mungu? Nilivyobishana na majirani wa nyumba ya kupanga

Ukiishi nyumba ya kupanga huchagui jirani, na kwa hiyo huchagui hata dhehebu litakalokuamsha kwa mapambio alfajiri. Nyumba tuliyokaa Mbagala ilikuwa na vyumba sita vinavyotazamana, korido ndefu katikati, na uani bomba moja la maji na mwembe. Mimi ni Mmoraviani wa Rungwe, mjukuu wa mwinjilisti, na kazi yangu ni ushonaji. Mkabala na mlango wangu alikaa Baba Eliya, fundi umeme, Shahidi wa Yehova. Mwisho wa korido alikaa Baba Jane, ambaye kanisani kwao wanabatiza kwa jina la Yesu tu, na ukisema "Baba, Mwana na Roho Mtakatifu" anakuambia hayo ni majina ya vyeo. Mama Doroth alikuwa Mkatoliki. Mwenye nyumba, Bi Mkubwa, ni Mwislamu, na alikuwa na kiti chake cha plastiki ambacho hakikaliwi na mtu mwingine. (Majina ya watoto nimeyabadili, wazazi wao watanielewa.)

Umeme ukikatika jioni wote tulihamia chini ya mwembe. Wengine huko wangezungumza mpira. Sisi, kwa sababu Baba Eliya hakuwahi kutoka ndani bila mkoba wake wenye Biblia, tulizungumza kama Yesu ni Mungu au si Mungu.

Nikiri kwamba nilidhani mambo haya yanaisha haraka. Nilijua mistari yangu. "Mimi na Baba tu umoja," Yohana 10:30, kwisha kazi. Baba Eliya hakupandisha hata sauti. Alifungua Yohana 17, akanisomea Yesu akiwaombea wanafunzi wawe na umoja kama yeye na Baba walivyo umoja. "Sasa Mama Tumaini, na Petro naye ni Mungu?" Bi Mkubwa alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

Na kusema kweli, mstari ule ukiusimamisha peke yake, jibu lake linatosha. Usiku ule nilirudi kwenye sura ya kumi nikaisoma yote, jambo ambalo nafikiri sikuwa nimelifanya tangu kipaimara. Hapo ndipo nilipoona kwamba nguvu ya hoja yangu haikuwa kwenye mstari wa 30. Ilikuwa kwenye kilichofuata: Wayahudi wanaokota mawe, Yesu anawauliza wanampiga kwa kazi ipi, nao wanamjibu, "wewe, uliye mwanadamu, wajifanya mwenyewe u Mungu." Waliosimama pale walisikia kitu kizito. Ila pia nikakuta kitu ambacho hakuna mhubiri wetu aliyewahi kunisomea: Yesu anawajibu kwa Zaburi ya 82, "Ndinyi miungu," na hoja inachukua kona nyingine kabisa. Baba Eliya aliijua kona hiyo. Mimi sikuijua.

Kuanzia hapo nikaweka sharti, na wenzangu wakalikubali: usinisomee mstari, nisomee sura. Mwenye kukataa kusoma kilicho juu na chini ya mstari wake, mstari huo haukuhesabiwa. Ni sharti dogo, lakini liliua nusu ya hoja za pande zote kabla ya mwezi kuisha.

Hoja ya kwanza kufa ilikuwa ya kwetu, na inastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu bado naisikia kila mahali. Siku moja alipita kijana wa kwaya, mgeni wa Baba Jane lakini wa kanisa jingine, mwenye moto wa kweli. Akamwambia Baba Eliya, "Mzee, Biblia inasema wazi: mbinguni wako watatu, Baba, Neno na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya tano." Baba Eliya akamwomba afungue Biblia yake mwenyewe, ile ya tafsiri ya Union ambayo nyumba nyingi za Wakristo Tanzania zinayo. Akaweka kucha ya kidole chenye makovu ya nyaya pale mstari wa nane. "Kijana, hivi ni vitu gani?" Yalikuwa mabano. Maneno yote ya "mbinguni, Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja" yamefungwa ndani ya mabano, macho yetu sote yamepita juu yake miaka yote.

Kijana hakuwa na jibu, na mimi pia sikuwa nalo. Nilikuja kulipata kwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia aliyekuwa akinishonea joho, namaanisha niliyekuwa namshonea mimi. Nikimpima mabega nilimuuliza, naye akanieleza bila kuzunguka. Maneno yale hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Yaliingia kupitia Kilatini. Msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 hakuyaweka, wala katika chapa ya 1519. Wakampigia kelele, akayaingiza mwaka 1522. Waliotafsiri Union walikuwa waungwana, wakayafunga kwenye mabano ili msomaji ajue. Msomaji hakujua, kwa sababu aliyesimama madhabahuni hakumwambia.

Tangu siku hiyo nikimsikia mtu anathibitisha Utatu kwa maneno yale, nachukia kuliko ninapomsikia anayeukana. Anayeukana ananipinga waziwazi. Huyu mwingine anaweka kete mbovu mkononi mwangu na kuniambia nikashinde nayo.

Baba Jane alikuwa mtihani wa aina nyingine. Kwake Yesu ni Mungu kiasi kwamba Baba hana pa kukaa: Yesu ndiye Baba, ndiye Mwana, ndiye Roho. Alikuwa na Isaya 9:6, "Baba wa milele," na Yohana 14:9, "Aliyeniona mimi amemwona Baba," na Matendo 2:38 kwa ajili ya ubatizo. Wengi wanadhani mafundisho haya yametoka tu juzi, na kwa sehemu ni kweli: kwa Wapentekoste yalianza na mkutano wa kambi Los Angeles mwaka 1913, na mwaka 1916 yakawagawa Assemblies of God. Lakini Sabelio alifundisha jambo la kufanana na hilo Roma mwanzoni mwa karne ya tatu.

Kwa Baba Jane nilikuwa na sura moja tu, Getsemane. "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Nilimuuliza alikuwa anamwomba nani. Akasema mwili ulikuwa unaiomba roho. Baba Eliya, ambaye kwa kawaida alikuwa mpinzani wangu, aliguna, na siku hiyo tulikuwa timu moja. Ndivyo ilivyokuwa chini ya ule mwembe. Nikimgeukia Baba Eliya nasimama na Baba Jane, nikimgeukia Baba Jane nasimama na Baba Eliya. Bi Mkubwa alitazama jioni kadhaa, kisha akatoa hukumu: "Nyie mkishakubaliana wenyewe ndio mje mtuhubirie sisi."

Kilichonifundisha zaidi lakini ni orodha ya Baba Eliya, kwa sababu aliijua vizuri na aliisoma kwa heshima. "Baba ni mkuu kuliko mimi," Yohana 14:28. Siku ile na saa ile hakuna aijuaye, "hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba," Marko 13:32. "Mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote," Wakolosai 1:15. Hekima wa Mithali 8 aliyekuwako mwanzo wa njia ya BWANA. "Kwa nini kuniita mwema?" Marko 10:18. Nilipompelekea yule mwanafunzi wa theolojia orodha hii, alitabasamu akasema sehemu kubwa yake ni ile ile ya Ario, padri wa Aleksandria, karne ya nne, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Zaidi ya miaka elfu moja na mia sita, na vita bado iko kwenye sura zile zile. Jambo hilo lilinituliza. Nilikuwa nimeingia kwenye mazungumzo marefu, na halikuwa jukumu langu kuyamaliza kabla umeme haujarudi.

Mengine kwenye orodha yana majibu mazuri. Mzaliwa wa kwanza, kwa mfano: Zaburi ya 89 inamwita Daudi hivyo, na Daudi alikuwa kitinda mimba wa Yese, kwa hiyo neno linaweza kuwa la cheo na urithi. Na mstari unaofuata pale Wakolosai unasema vitu vyote viliumbwa katika yeye. Lakini "Baba ni mkuu kuliko mimi" nimeacha kuikwepa. Wapo wachungaji wanaoipita mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Kwa nini? Imo. Yesu wa Injili analala, analia, anauliza, anatumwa, anatii, anaomba. Mkristo anayesema Yesu ni Mungu lakini anaona haya kwa mistari hii bado hajasema kitu, kwa sababu anayemzungumzia siye aliyemo katika Marko.

Kisha kuna hoja ya Nisea, mji ambako mtaguso (mkutano wa maaskofu) uliyakataa mafundisho ya Ario. Hii hakuileta Baba Eliya peke yake, hata mdogo wake Bi Mkubwa, mtu wa kusikiliza mihadhara, aliijua: kwamba Yesu alifanywa Mungu na Kaisari Konstantino mwaka 325, kwa kura. Hapa nilisimama imara, maana nilikuwa nimeshasoma. Plinio, gavana Mrumi, mpagani, aliandika kwa Kaisari Trajano kiasi cha mwaka 112 kwamba Wakristo aliowahoji hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Na Plinio alikuwa gavana wa wapi? Bithinia. Nisea iko huko huko. Watu wa mkoa ule walikuwa wakimwimbia Yesu miaka mia mbili kabla maaskofu hawajafika na nyaraka zao.

Halafu Konstantino mwenyewe hakuwa mlinzi wa kuaminika wa Nisea. Alimrudisha Ario kutoka uhamishoni. Alimhamisha Athanasio, mtetezi mkuu wa Nisea, na wafalme waliofuata wakaendeleza, hata Athanasio akahamishwa mara tano kwa jumla. Konstantino alipobatizwa mwaka 337 akiwa anakufa, aliyembatiza ni Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mwanawe Konstantio aliwaunga mkono wapinzani wa Nisea. Kama ni serikali iliyoamua, basi kwa miaka mingi iliamua kinyume, na jambo lilitulia kwenye mtaguso wa Konstantinopoli, 381.

Mama Doroth, ambaye kwa kawaida alichambua mchele wake kimya, ndiye aliyetuonyesha kwamba ugomvi ule anaukariri kila Jumapili. Akaanza, bila kuinua macho kwenye ungo: "Mungu aliyetoka kwa Mungu, mwanga kwa mwanga, Mungu kweli kwa Mungu kweli. Aliyezaliwa bila kuumbwa..." Nikamwambia hayo "bila kuumbwa" ni jibu kwa Ario. Akasema yeye alidhani ni sala tu.

Baba Eliya akauliza neno "Utatu" liko wapi kwenye Biblia. Nikakubali kwamba halimo. Baba Jane akadakia: "Na Jumba la Ufalme liko kitabu gani?" Baba Eliya, ambaye wenzake huita hivyo nyumba yao ya ibada, alicheka kweli kweli, ndiyo sababu mabishano yetu hayakuwahi kugeuka ugomvi.

Sasa nifike kwenye kilichonishawishi mimi. Ilikuwa ni kazi ya mezani, juu ya cherehani. Nilikuwa na Biblia mbili, moja nikaifungua Isaya 45 nikaibana kwa futi ya kupimia, nyingine Wafilipi 2 nikaibana kwa mkasi. Isaya 45 ni sura kali kuliko zote kuhusu Mungu mmoja. Anarudia na kurudia kwamba hapana mwingine ila yeye, kisha anaapa: "mbele zangu kila goti litapigwa, kila ulimi utaapa." Halafu Paulo, Myahudi aliyelelewa kwenye maneno hayo, anaandika: "kwa jina la Yesu kila goti lipigwe." Goti lile lile. Ulimi ule ule. Hakutafuta kiapo kingine cha kumpa Yesu, alichukua kile ambacho Mungu alisema ni chake peke yake. Na sentensi haikuishia hapo, inaishia "kwa utukufu wa Mungu Baba."

Nilimwita Baba Eliya kabla hajaenda kazini. Alisimama mlangoni na koleo mkononi akasoma zote mbili. Akaweka kidole kwenye hiyo "kwa utukufu wa Mungu Baba," na akasema, "Unaona? Yesu ametukuzwa na mwingine aliye juu." Nikamwambia naona. Naye nikamwonyesha Isaya. Akakaa kimya kidogo, akasema atarudi nalo jioni.

Baada ya hapo nikaanza kuona jambo hilo hilo kila ninapofungua. Waebrania 1 inachukua Zaburi ya 102, maneno ya mtu anayemlilia Mungu aliyeitia misingi ya nchi, na kuyasema kwa Mwana. Paulo katika 1 Wakorintho 8 anachukua ungamo ambalo kila Myahudi alilijua, "BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja," na ndani yake anamweka Mungu mmoja aliye Baba na Bwana mmoja Yesu Kristo. Stefano akipigwa mawe anasema, "Bwana Yesu, pokea roho yangu." Na Ufunuo: malaika anapopigiwa magoti anakataa, "Angalia, usifanye hivi," msujudie Mungu. Katika kitabu hicho hicho, sura ya tano, kila kiumbe mbinguni na duniani kinatoa heshima na utukufu kwa aketiye juu ya kiti na kwa Mwana-Kondoo, pamoja, na hakuna anayewazuia. Mimi nimekua nikimwona mwanakondoo mwenye bendera kwenye nembo ya kanisa letu, na maneno "Mwanakondoo ameshinda, tumfuate" yamemzunguka. Nimeshona nembo ile kwenye vitambaa vya kina mama nisivyoweza kuvihesabu. Sikuwahi kujiuliza yule kondoo anafanya nini pale juu.

Baba Eliya alikuwa na jibu kwa hilo pia: 1 Nyakati 29, mkutano wote unamsujudia BWANA, na mfalme, pamoja. Ni jibu zuri. Nililifikiria siku nyingi. Mwishowe nikamwambia kwamba Daudi alisujudiwa kama mfalme mbele ya watu wake siku moja, lakini hakuna nabii aliyeandika viumbe vyote vikimwimbia hata milele na milele. Akasema hilo ni suala la kiasi. Nikasema kwa Isaya 45 si suala la kiasi. Tukaachia hapo.

Mama yangu alipofariki na msiba ukawekwa pale pale, Baba Eliya alibeba viti, akafunga taa za turubai kwa waya wake mwenyewe, hakudai hata shilingi. Ibada ilipoanza akatoka akasimama barabarani mpaka ikaisha, maana wao hawashiriki ibada za wengine. Shangazi zangu kutoka Tukuyu walinung'unika. Mimi sikuona kosa. Mtu aliyenisomea Marko 13 uso kwa uso, akijua sipendezwi, siwezi kumtaka aimbe asichokiamini kwa sababu ya jeneza.

Hajabadilika, nami sijabadilika. Baba Jane alihamia Kigamboni na nasikia sasa ana kikundi chake. Mimi ukiniuliza leo kama Maandiko yanasema Yesu ni Mungu, nitasema ndiyo, na nitakupeleka kwa Isaya na Wafilipi kabla ya kukupeleka kwa Tomaso na "Bwana wangu na Mungu wangu" wake. Lakini ukiniuliza 1 Wakorintho 15:28, pale Mwana mwenyewe anapowekwa chini yake aliyemtiishia vitu vyote, "ili kwamba Mungu awe yote katika wote," nitakuambia bado inanisumbua. Mchungaji aliniambia huko ni kutii kwa Mwana, si upungufu wa uungu. Nimelipokea jibu hilo, ila kila nikirudi kwenye sura ile naona Paulo hakuonekana kuwa na haraka ya kunielezea.

Baba Eliya sasa anakaa Chanika, kwake mwenyewe, amejenga. Tunaendelea kwa simu. Wiki iliyopita alinitumia Ufunuo 3:14, "mwanzo wa kuumba kwa Mungu," na chini yake: "Sura nzima, Mama Tumaini, kama ulivyotufundisha." Sijamjibu bado. Shule zinafunguliwa Jumatatu na nina sare za watoto wa mtaa mzima hazijatiwa vifungo.